Shahidi wa Jino Langu

Jino langu lilivunjika mchana, kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Sumbawanga, nikila wali maharage. Gego la kushoto. Nilitema mkononi damu, kipande cha jino na kijiwe cheusi. Mhudumu, binti wa Kisukuma ambaye kwao walihamia huku na ng'ombe, aliniletea maji, akaninong'oneza, "Mwalimu, usikitupe hicho. Wewe si wa kwanza."

Hospitali waliling'oa. Nikarudi na cheti cha daktari kwa mwenye mgahawa, mama mtu mzima anayeheshimika hata kanisani. Nikampa shikamoo, nikamwambia anilipe gharama za matibabu na za jino la bandia. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo.

"Mwanangu, nani alikuona?"

"Mhudumu wako."

Akainua macho, akamtazama binti aliyesimama mlangoni. Nikajua nimekosea, ila maneno yalishatoka.

Sikulipwa, shauri likafika kwa mtendaji wa kata. Siku moja kabla ya kusikilizwa, binti alinifuata nyumbani Kizwite, amejitanda khanga kwa baridi.

"Mama ameniuliza kwetu ni wapi hasa," alisema. "Ameuliza mara tatu. Na mimi nalala uani kwake."

Nikamwambia basi, asije.

"Nitakuja. Vijiwe niliviona, nikamwambia. Akasema nipakue tu."

Alikuja kweli, akasema yote. Mwenye mgahawa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kwa upole, "Umemaliza?" Kisha akakubali kulipa. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

Alilipa wiki ile ile. Binti sikumkuta tena pale mgahawani. Mmoja wa wenzake aliniambia amekwenda kwa shangazi yake Kirando. Mwingine akasema Wampembe. Mpishi alisubiri wenzake waondoke, akaniambia begi lake bado liko uani.

Nikatoa taarifa polisi. Wakaniuliza jina la baba yake na kijiji chao. Sikuvijua.

Baada ya wiki tatu uliingia ujumbe kutoka namba ngeni: "Mwalimu mimi mzima. Usinitafute." Nikapiga. Ikaita mara moja, ikakatwa. Nilipouonyesha polisi, askari aliusoma, akanirudishia simu.

"Basi, amepatikana," alisema, akalifunga jalada.