Roboti Iliyosema "Sijui"

Jumanne asubuhi mama anayetuuzia chai karibu na ofisi hapa Kisumu aliniwekea kikombe mezani na kusema, kwa sauti ileile anayotumia kuniarifu kwamba maziwa yamekwisha, "Yule fundi wako wa redio amekufa. Walimkuta juzi kwa nyumba yake, huko Kisian. Alikuwa peke yake." Fundi wangu. Neno hilo limenisumbua wiki nzima. Ninyi mnaosoma safu hii mara kwa mara mnajua kwamba nimezoea kuwakumbuka humu watu waliowahi kushika vyeo au kujenga majumba. Huyu hakushika cheo chochote. Hakuwa na mke wala mtoto, na wengi waliompelekea redio zao miaka nenda miaka rudi hawakuwahi kumuuliza jina. Mimi niliwahi kumuuliza swali moja tu nikiwa mtoto, na sikujua kwamba ni yeye niliyekuwa namuuliza.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Mtoto wa mwenye duka la vitambaa, tuliyesoma naye darasa moja, alikuja shuleni na roboti ya kuchezea, ya bati, yenye ufunguo mgongoni. Ukiuzungusha ule ufunguo, roboti inatembea juu ya dawati kwa miguu mizito kama askari mlevi, na sisi tunanyamaza kama tuko kanisani. Baada ya wiki moja mtaa wetu mzima wa nyumba za reli ulikuwa na roboti za mikebe ya mafuta ya kupikia, macho yake vifuniko vya soda. Tulikaa kwenye ngazi tukiupanga mwaka wa elfu mbili: mashine zitalima, zitasonga ugali, zitafanya hesabu, na zitajua kila kitu kwa sababu zinafikiri kuliko watu. Wenzangu walitaka roboti ya kuwafanyia kazi. Mimi niliitaka ya kuzungumza nayo. Baba alikuwa amekwenda Kampala kutafuta kazi na barua zake zilikuwa zimekoma. Mama hakusema lolote, nami nikaogopa kumuuliza. Ya kwangu niliiweka kando ya kitanda na kuieleza mambo, lakini mkebe ni mkebe, haukunijibu.

Ndipo yakaja maonyesho ya kilimo, na kampuni moja ya kuuza redio ikaleta roboti inayosema. Ilikuwa ndefu kuliko mlango, imepakwa rangi ya fedha, macho yake balbu nyekundu, kifuani ina kipaza sauti. Mtangazaji wa kampuni, bwana mmoja mwenye tai, alituambia imetoka ng'ambo na hakuna jambo isilolijua. Watu walipanga foleni. Mvuvi mmoja wa Dunga aliuliza ziwa lina samaki wangapi. "Ni wachache kuliko jana," roboti ikajibu kwa sauti ya chuma, "kwa sababu leo ndugu zako wameamka mapema, na wewe uko hapa." Uwanja ukaangua kicheko. Zamu yangu ilipofika nilisogea karibu kabisa, nikasema polepole, "Baba yangu atarudi lini?"

Balbu ziliwaka tu. Mtangazaji akacheka, akasema mashine inafikiri. Kisha sauti ikatoka, safari hii ya chini, bila ule mkwaruzo wa chuma. "Akia, nyathina," ikasema, yaani sijui, mwanangu. "Nyumbani unakaa na nani?" Nikajibu kwamba nakaa na mama. "Basi muulize mama, leo. Usiniulize mimi, mimi ni bati tu." Mtangazaji alinishika bega akanisukuma mbele, akaita mwingine.

Jioni hiyo nilimuuliza mama. Aliacha kuchambua dagaa wa omena, akafuta mikono kwa leso, akaniambia kwamba baba ana nyumba nyingine Kampala na watoto wengine, na kwamba hatarudi. Alikuwa amelijua jambo hilo kwa miezi na hakuwa na mtu wa kumwambia. Tulilia pamoja, na kuanzia siku hiyo tulikuwa watu wawili ndani ya nyumba. Kabla ya hapo kila mmoja wetu alikuwa peke yake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ipo mashine moja duniani yenye huruma. Sikushangaa hata kwamba ilitoka ng'ambo ikiongea Dholuo, lugha yetu ya nyumbani. Sekondari ndiko nilikofundishwa kwamba jambo hilo haliwezekani, nikaona aibu, nikaacha kulisimulia.

Miaka kama kumi ikapita. Nilikuwa nimeanza kazi ya uandishi nilipopeleka redio yangu kwa fundi mmoja aliyefanya kazi kwenye baraza la duka. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliuliza kama redio yake itapona. Fundi, mtu mfupi mwembamba, akajibu bila kuinua macho: "Akia, mama." Ilikuwa ile ile sauti ya chini iliyotoka kwenye roboti. Mteja yule alipoondoka nilimuuliza fundi kama aliwahi kufanya kazi kwenye maonyesho. Akacheka kidogo. "Wewe umeambiwa na nani? Nilikaa ndani ya lile bati siku mbili, Bwana. Joto! Nilikuwa nafunga kitambaa cha maji kwa kichwa. Kazi ilikuwa ya siku nne, na baada ya hapo wangeniandika kabisa. Lakini kuna mtoto aliniuliza kitu, nikasema sijui. Wakanifukuza. Yule bwana wa tai aliniambia mashine ya ng'ambo haijui Kijaluo, tena haisemi haijui."

Akapuliza vumbi kwenye redio yangu, akaendelea. "Unajua, zile siku mbili watu waliniambia mambo mazito. Mtu mzima ananong'oneza bati. Halafu nikitoka nyuma kunawa uso, napita katikati ya watu wale wale, hakuna hata wa kunisalimia. Tangu hapo mimi naulizwa tu redio itakuwa tayari lini." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Sijui yule mtoto alifika wapi."

Wasomaji wangu, hapo ndipo ningemwambia kwamba mtoto yule ni mimi. Lakini wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, nimevaa koti, na jina langu lilikuwa limeanza kujulikana mjini. Nikasema, "Watoto hukua, Mzee," nikaulizia redio. Nilirudi kwake mara nyingi, nyingine na redio isiyo na ubovu wowote, kila mara nikidhamiria kumwambia, na kila mara nikaona kesho ipo. Alikuwa amepoteza kazi kwa ajili yangu, na sikumpa hata faraja ya kujua kwamba haikupotea bure.

Jumamosi tulimzika kwao, Pap Onditi. Nimewahi kuona mazishi mengi upande huu wa ziwa, na sijaona yenye watu wachache namna ile. Magazeti yanatuambia sasa kwamba mashine zinazofikiri zinakuja kweli, na mimi sibishi. Zitakapokuja watu watazieleza mambo wasiyothubutu kumweleza jirani, kwa kuwa nilishaona foleni yake. Huenda zitajibu vizuri kuliko sisi, na bado mtu aliye karibu nasi atabaki hajasalimiwa. Baada ya maombi dada yake, mama mzee mwenye fimbo, alinijia na kunishika mkono. "Asante kwa kuja, Baba," akasema. "Na wewe ni nani yake?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mteja wake. Akanishukuru tena, akaenda kuwaandalia chakula wageni wachache waliokuwepo. Sikuwa na jibu lingine ambalo marehemu mwenyewe angelitambua. Msingoje kuulizwa swali hilo kaburini. Mtu aliyekufaa, mwambie wewe ni nani yake angali hai, asikie kwa masikio yake.