Jezi Namba Kumi na Nne

Mitch Vrana hakuwa mtu wa kushuku watu, mpaka Kocha Gentry alipokuja. Alikulia Nebraska, Marekani, baba yake fundi wa matrekta, akijifunza kurusha mpira wa kikapu kwenye pete iliyopigiliwa ukutani mwa ghala. Chuo kidogo cha huko huko, Brule Creek, kilimchukua. Alisugua benchi miaka miwili bila kununa, wa tatu akawa mchezesha timu, yule anayeanzisha kila shambulizi. Timu yenyewe ilifungwa mpaka watazamaji wakaona haya. Kocha wa zamani akafukuzwa, wachezaji wakafungasha virago na kuhamia vyuo vingine. Akabaki Mitch peke yake.

"Wewe ndiye mwenye nyumba," Gentry alimwambia, mkono begani. Mkono ule ulikaa begani muda mrefu mno, na Mitch hakuupenda hata kidogo.

Tangu hapo kila Mitch akiingia ofisini, kocha alikata simu. Kisha Ijumaa moja akaitwa.

"Kesho kuna mgeni kutoka Georgia, Tremaine Oglesby. Anataka kuhamia kwetu. Mtembeze, mlishe, umjibu maswali yake."

"Anacheza nafasi gani?"

"Popote tutakapomweka." Kocha akageukia dirisha.

Kazi hiyo hupewa mchezaji kwa sababu mgeni hamwamini kocha; humwamini atakayecheza naye. Mitch aliijua desturi, naye alikuwa mtoto wa watu wanaoheshimu mgeni. Kesho yake mchana akampeleka Tremaine mkahawani, wakaletewa bakuli la nyama na maharage yenye pilipili, na pembeni, kama walavyo watu wa Nebraska, mkate mtamu wa mdalasini.

"Oya, hii keki ya nani?" Tremaine akauliza.

"Yako. Chovya humo kwenye maharage."

"Nyie watu mko sawa kweli?" Akachovya, akatafuna, akachovya tena. "Usimwambie mama yangu."

Wakacheka. Kisha Tremaine akasogeza bakuli kando.

"Kaka, nimeshahama vyuo viwili, na kote nilidanganywa. Niambie ukweli. Huyu Gentry anaaminika?"

Moyo wa Mitch ulisema hapana. Lakini alikuwa na nini cha kuonyesha? Mkono begani? Simu iliyokatwa? Akaona aibu kumchafulia mtu jina kwa hisia tu.

"Anaaminika," akasema.

Tremaine akashusha pumzi. "Afadhali. Maana aliniambia nafasi ya mchezesha timu iko wazi. Eti jamaa aliyekuwepo ameshakubali kuondoka."

Mitch akaurudisha mkate sahanini. Akanywa maji, akalipa, akaendesha gari hadi ukumbi wa mpira wa kikapu, macho barabarani tu. Tremaine alidhani ndivyo watu wa huko walivyo.

Ukumbini mpiga picha alikuwa tayari, maana kila mgeni huvalishwa jezi na kupigwa picha hata kabla hajakubali. Jezi ilikuwa namba kumi na nne. Tremaine akaigeuza. Mgongoni jina lilikuwa limefumuliwa, lakini matundu ya sindano yalisomeka vizuri tu: VRANA.

"Kaka," akasema polepole. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nawe ukaniambia anaaminika!"

"Alikuambia nafasi iko wazi," Mitch akajibu. Hasira ilimjaa mpaka machoni. "Kuanzia leo iko wazi kweli. Wewe hakukudanganya, kanidanganya mimi."

Akaenda kufungua kabati lake pembeni mwa ukumbi na kutoa viatu vyake aondoke navyo. Nyuma yake alimsikia mpiga picha akiuliza kama wataanza. Hakugeuka mpaka taa ya kamera ilipomulika ukuta. Tremaine alikuwa ameivaa ile jezi.