Mkanda wa Cherehani na Sketi ya Ngozi ya Bibi

Enzi zetu kule Endagikot, mwaka ule tulioambiwa shuleni tufute Arusha kwenye majalada ya madaftari tuandike Manyara, kitu kikikatika hatukukimbilia dukani. Ndala tulizipiga msumari. Mpira tulisuka wenyewe kwa mifuko ya nailoni. Watoto wa siku hizi, waya wa chaji ukilegea tu, nyumba nzima ina msiba!

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Kazi ilikuwa imepungua, maana marobota ya mitumba yalishajaa mnadani na watu walivaa vya Ulaya kuanzia soksi mpaka kofia. Kilichombakia ni magauni meupe ya Komunyo ya Kwanza. Mwaka huo alipata tisa, moja likiwa langu.

Cherehani tulikatazwa kuigusa. "Huyu ndiye ng'ombe wangu wa maziwa," Mama alikuwa akisema. Lakini mimi nilikuwa na ndoto zangu. Siku alipokwenda Mbulu mjini kununua lesi, nilikaa kwenye stuli yake, nikashika gurudumu la pembeni kama usukani, nikakanyaga. Basi langu hilo linakwenda Arusha, abiria kuku watatu! Nikapiga honi kwa mdomo, nikakanyaga kinyumenyume ili nirudishe basi. Paa! Mkanda wa ngozi unaozungusha cherehani ukakatika.

Nilijaribu kuufunga fundo. Fundo likagoma kupita kwenye tundu la meza.

Basi nikamkumbuka Bibi, mama yake baba, tuliyeishi naye. Alikuwa amejilaza nje kwenye jua. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu sketi ya ngozi aliyoshonewa na mama yake alipokuwa mwari, yenye shanga, iliyolainishwa kwa siagi mpaka inanukia maziwa. Mimi sikuona sketi. Niliona mkanda. Nikachukua mkasi wa Mama, nikakata ukanda mwembamba upande wa nyuma usio na shanga. Nikaupima kwa ule wa zamani, nikaupunguza vidole viwili maana ngozi laini huvutika. Nikaupitisha kwenye gurudumu kubwa la chini, nikaupandisha kupitia matundu yote mawili ya meza, nikauzungusha kwenye gurudumu la pembeni, nikatoboa ncha kwa msumari na kuzibana kwa pini ya waya iliyounganisha ule wa zamani. Nikakanyaga. Ikazunguka! Nilijiona injinia.

"Leo imelainika hii," Mama alisema aliporudi. "Nani kaitia mafuta?"

Nikatabasamu kama malaika. Mbwa wetu alilala chini ya cherehani siku nzima, ananusa.

Jumapili Bibi akatoa sketi yake aianike. Macho yake yalishaingia ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Vikapita kwenye shanga, vikageuka nyuma, vikasimama.

"Mama Paskalina, njoo."

Mama akaja, akaangalia. "Labda ni panya, Mama."

"Panya gani anakata mstari ulionyooka hivi? Huyu panya kasomea ufundi?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Mama akageuka akaitazama cherehani, akautazama mkanda, akanitazama mimi. Kisha akaenda akauvua, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akauweka mapajani mwake.

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

Bibi aliupapasa mkanda ule kwa muda mrefu. "Urudishe," alisema mwisho. "Watoto wa watu wasipokee Komunyo bila nguo."

Magauni yote tisa yalishonwa kwa mkanda wa ngozi ile. Ila Bibi hakupokea tena chakula mkononi mwa Mama mpaka mahindi yalipovunwa. Makande akipika Mama, bakuli nilipeleka mimi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba. Wewe ndiye mwenye adabu humu ndani." Kwenye kitubio nilimwambia padri niliiba sukari. La sketi nikalimeza, nikavaa gauni jeupe.

Bibi alipokuwa mahututi, anatuaga, alisema, "Sketi mpeni Paskalina. Yeye hajawahi kugusa kitu changu." Mama aliinama kupuliza moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Sasa mimi ni fundi huku Mogitu. Mkanda ukikatika nanunua wa mpira, nauvalisha kabla chai haijapoa, na hakuna anayepiga magoti kwa ajili ya mtu. Zamani tulitengeneza kila kitu kwa mikono yetu, ndugu zangu, nami hili moja sijalitengeneza mpaka leo. Nikiianika sketi, upande uliokatwa naugeuzia ukutani. Mama akija kunitembelea, anakaa karibu nayo, ananiuliza habari za wateja.