Nakhumicha Alipochanganya Mahindi ya Stesheni

Ukitaka kumwona mtu anayeujenga mtaa huu, usiende ofisini. Njoo kwenye stesheni yetu ndogo, nje kidogo ya mji wa Bungoma, umwone Nakhumicha, Mama Sifuna kama tunavyomwita, akifagia jukwaa ambalo hajawahi kulipwa kulifagia! Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akizipungia treni bendera hapa. Treni za abiria zilikoma, mzee akafa, mama akabaki na ufagio.

Sisi tukabaki na saruji. Kila mavuno tunaanika mahindi pale jukwaani, kila boma na sehemu yake, na Nakhumicha ndiye mlinzi. Kukanyaga mahindi ya jirani ni kutafuta ugomvi wa mwaka mzima.

Mwezi wa kumi, treni ikarudi kwa majaribio. Jumamosi tatu, kwenda mjini na kurudi jioni, bure! Sharti lilikuwa moja: wasipopanda watu thelathini Jumamosi ya mwisho, haitasimama tena kwetu. Ya kwanza walipanda wanne, ya pili watatu. Wengine walifika, wakaona mahindi yametapakaa hadi ukingoni, wakarudi kutafuta pikipiki.

Nakhumicha alipita nyumba kwa nyumba akiomba jukwaa liachwe wazi. "Sawa, mama," wakamwitikia. Hakuna aliyeondoa hata punje. Kila mmoja alimngoja jirani aanze.

Jumamosi ya tatu asubuhi, honi ikalia upande wa Webuye. Jukwaani palikuwa na mahindi na kuku tu. Wekoye, mwendesha bodaboda, alikuwa amekalia pikipiki yake akicheka.

"Mama Sifuna, ati abiria wako ndio hawa kuku?"

Nakhumicha alichukua koleo, akasukuma mahindi ya Wekoye yakaingia katika ya jirani yake Phelista. Ya Phelista yakaingia katika ya mwalimu. Akaendelea mbio, jasho likimtiririka, mpaka mahindi ya mtaa mzima yakawa chungu moja kubwa ukutani.

"Woi! Mama Sifuna amechanganya mahindi!" Wekoye akapiga mayowe.

Mayowe yale yalifanya kazi ambayo maombi hayakufanya! Milango ikafunguka. Watu wakaja mbio, wengine na leso za kulalia, wengine na mswaki mdomoni.

"Mama, una wazimu?" Phelista akafoka. "Yangu nitayajuaje sasa?"

"Ulileta debe tisa. Wekoye, sita. Nani hapa simjui? Jioni nitampimia kila mtu yake. Sasa pandeni!"

Treni ikasimama mbele ya jukwaa lililo wazi, limejaa watu. Phelista akacheka, akajifunga leso vizuri, akapanda. Basi wakafuatana! Niliwahesabu mwenyewe: arobaini na mmoja.

"Si ungoje kwanza, pikipiki yangu je?" Wekoye alilia, akisukumwa mlangoni.

"Nitaichunga, na kuku hawataichafua!"

Treni iliondoka Wekoye akiwa amechomoza kichwa dirishani. "Mama Sifuna bana! Debe saba! Yangu ni saba!"

"Sita!" Nakhumicha akamjibu, akimpungia ufagio.