Nilivyowafuta wazee wa Pande kwa slash moja ya Lisp

Wakuu, salaam.

Nianze na aibu yenyewe kabla sijajipamba: niliwahi kufuta majina ya wazee wote wa Pande waliokuwa wanasubiri kupasuliwa macho. Siongezi chumvi. Saidi dereva yumo humu, nikiongeza atanisuta.

Miaka ya tisini, mashirika yanamiminika kusini kama kumbikumbi. Moja likanichukua pale Lindi mjini niwe mtu wa kompyuta. Sifa yangu? Nilikuwa najua kuiwasha.

Mashine ilikuwa ya Linux, na programu ya majina iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Lisp na jamaa mmoja wa Dar. Unaitajia folda ya kijiji, unaingiza majina kutoka kwenye karatasi tulizoandikia kule kijijini, yenyewe inatengeneza faili la orodha, wazee.txt, humo ndani.

Nikaandika /data/pande. Nikaingiza wote. Kesho yake kijiji cha pili, /data/kipatimu. Nikaingiza.

Kila nikimaliza, karatasi nampa mama muuza karanga afungie. Ndo zetu, karatasi haitupwi.

Siku tatu kabla ya madaktari kufika, naprinti. Wametoka wa Kipatimu peke yao. Pande hata mmoja hayumo!

Nikampigia jamaa wa Dar.

"Uliweka slash mwishoni?"

"Mwisho wa nini?"

"Mwisho wa jina la folda, ule mkwaju."

 Nikajua nimekwisha.

Iko hivi. Linux haina makuu, ukiipa /data/pande inaenda kuangalia, inakuta folda, basi. Lisp haiendi kuangalia. Inakata maandishi vipande: folda, jina la faili, aina yake. Neno la mwisho lisilo na slash nyuma yake inalihesabu jina la faili. Programu ilipoleta jina lake, wazee.txt, "pande" ikasukumwa nje. Orodha ikaangukia /data/wazee.txt. Ya Kipatimu nayo palepale, juu ya wenzao, ikawafuta.

Mimi nimetokea masijala wakuu. Kwenye jalada unaandika PANDE, unapanga kabatini. Nani anaweka mkwaju mwishoni?

Nikakimbilia kwa mama karanga.

"Za Pande? Baba, hizo watu wameshalia karanga tangu juzi."

Basi mimi na Saidi tukaenda Pande, nyumba kwa nyumba. Bibi Somoe, mtoto wa jicho macho yote mawili, alikuwa barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sauti hii si ilishaniandika?"

"Ndiyo bibi, ila jina limepotea."

"Asiyeona mimi, anayepoteza wewe?"

Nikamwandika upya. Siku mbili, tukawapata wote, na wote wakapasuliwa.

Funzo: Lisp ukiitajia folda, malizia na slash. Na karatasi usigawe kabla hujaprinti.

Mliowahi kuumbuliwa na kialama kimoja, shusheni visa hapa chini, nisichekwe peke yangu.

Saidi alipotoka kuwarudisha wazee kwao alinishika bega: "Mwanangu, Bibi Somoe sasa anaona hadi tundu la sindano. Ukipita Pande, usikatize mbele ya baraza lake."