Nan Pryde na Mipini ya Fimbo Zake

"Nan Pryde kauza fimbo zake za gofu," alisema Ina Geddes, vibanio viwili vya nguo vikiwa bado mdomoni. "Nimemwona kwa macho yangu haya. Mkoba mzima kaupakia kwenye gari la muuza samaki, na huyoo, kaondoka nao."

Rhona alikuwa kwenye kamba ya pili, akianika vijiguo vya mwanawe huku kwa mguu akikitikisa kigari alimolala. "Labda kaenda kucheza, Ina."

"Kucheza kwa gari la samaki? Shoga, mikono imekwisha ile. Kwani wewe hukumwona pale kijitoni?"

Rhona alimwona. Uwanja wa gofu wa mji ule wa pwani ya Fife ni wa watu wote, na njia ya kwenda ufukweni inapita kando ya shimo la kwanza, mahali kijito kinapoukata uwanja. Tangu ujana wake mpira wa kwanza wa Nan ulikuwa ukiruka kijito. Tangu majira haya ya kuchipua, chubwi, majini. Na wanawake waliokuwa wakingoja zamu nyuma yake walinyamaza. Hilo ndilo lililomchoma Rhona. Katika mji huo ukicheza vibaya unataniwa mpaka masikio yawake moto. Wakiacha kukutania, jua wanakuhurumia.

Nan alikuwa mpishi wa shule. Nusu ya mji, Rhona akiwemo, walikuzwa na nyama yake ya kusaga na viazi. Hakuolewa. Aliishi na kaka yake Eck, aliyekuwa akikata nyasi za uwanja ule, na fimbo zilikuwa za Eck. Ndivyo ilivyokuwa kwao: mwanamume akinunua fimbo mpya, zile kuukuu humwangukia mke au dada, kama koti. Eck alizikata mipini kwa msumeno wa chuma, mle chumba cha kufulia, mpaka zikalingana na kimo cha dada yake. Eck alifariki, fimbo zikabaki, Nan akaendelea.

Rhona alipojifungua na usingizi ukamkimbia, ni Nan aliyekuja kila asubuhi na supu, akampokea mtoto, akamwambia, "Kalale, mwanangu, huyu mimi na yeye tunaelewana." Kwa hiyo Rhona alikuwa amemtazama sana. Alimwona akikisugua kiwiko akidhani haonwi. Alimwona akinyanyua birika kwa mikono miwili. Na siku moja alimsikia akisema, kama anayezungumza na dirisha, "Kijito kikinishinda moja kwa moja, nitakaa ndani ningoje siku yangu."

Mpwa wake, Senga, hakutaka kusikia hayo. Alimpeleka duka kubwa la gofu mjini Dundee, akapimwa mikono na kimo, akapewa fimbo mpya ajaribu. Nan mwenyewe alikiri zilikuwa nyepesi kama mwiko, na mpira uliruka. Lakini alirudi bila kuzinunua. "Nikitazama chini naona kichwa cha fimbo kinang'aa kama bakuli la hoteli," alimwambia Rhona. "Hakinijui, nami sikijui."

Ndiyo maana maneno ya Ina yalimwingia Rhona. Aliacha nguo nyingine kwenye beseni, akasukuma kigari mpaka mlangoni kwa Nan.

"Shangazi Nan, eti umeuza fimbo?"

"Ina kasema?" Nan alicheka. "Huyo hata kaburi langu atalichimba kabla sijakohoa. Muuza samaki kanifikishia kwa Dod Balfour, kule nyuma ya stesheni. Anasema leo gundi itakuwa imekauka. Twende wote, maana peke yangu naogopa jibu lake juu ya mikono hii."

Dod ni mtu wa kutengeneza fimbo. Walimkuta kibandani, fimbo za Eck zimesimama ukutani: vichwa vilevile vyenye makovu, mipini mipya.

"Ulikuwa unachezea nondo, Nan," alisema. "Mpini wa mwanamume, mgumu tangu mwanzo. Eck akaufupisha, ukazidi ugumu. Ulipokuwa unabeba masufuria ya shule hukuona kitu. Sasa kila pigo linakurudia kiwikoni."

"Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Mikono ni ya bibi kizee, hiyo siwezi kuibadilisha. Lakini haijafa, na mipini hii mipya inanepa."

Nan aliketi juu ya kreti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Rhona akamshika bega.

"Na zile za Senga?"

"Ni nzuri. Vichwa hivi vingekuwa vimeliwa na kutu, ningekwambia kanunue hizo, bila haya. Ila ni vizima. Shoka likiharibika mpini, unatupa shoka?"

"Senga atanuna."

"Anune. Mpikie."

Jioni ile jua la kiangazi lilikuwa bado juu. Walipita uwanjani, na wanawake watatu walikuwa wakisubiri zamu, Ina akiwa mmoja wao. Wakampisha Nan, kimya, kama wanaompisha mgonjwa. Nan akaweka mpira. Akatazama chini kwenye kichwa kile alichokizoea, akavuta pumzi, akapiga.

Sauti ilikuwa laini. Rhona aliufuata mpira kwa macho: ulipanda, ukapita juu ya kijito, ukaendelea kwenda kana kwamba umetumwa.

Nan alibaki amesimama. "Majini?"

"Umevuka, Shangazi! Umevuka na kupita mbali!"

"Basi toka hapo, Nan!" Ina akapaza sauti. "Au unangoja tukupigie makofi? Mpira mmoja tu, umeshajiona malkia!"

"Wewe si ulisema nimeuza? Njoo ununue!"

Wakacheka wote, na Rhona akajikuta anacheka huku anapangusa machozi kwa blanketi la mtoto. Nan akamsogelea, akamvuta kando, akashusha sauti.

"Mwanangu, sikuuona. Macho haya yalizoea mpira unaoanguka karibu. Huko ulikokwenda hayafiki. Jumamosi ni mashindano yetu ya wanawake. Mlete na mtoto, utembee nami. Mimi nipige, wewe unionyeshe ulipoangukia. Utakuja?"