Mapipa ya Dawa ya Pamba

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwa maboti kila siku, chombo cha kuwekea maji kilikuwa mali. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Mwanga akapata mapipa kwenye ghala bovu la dawa za kilimo, akaleta vibarua wayaoshe mwaloni kwetu Ujiji, pale mimi na mama tulipokuwa tunaanika dagaa.

Maji ya ziwa pale ufukweni yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele. Asubuhi ya pili samaki wakaelea. Mnandi, wale ndege weusi wanaozamia, walilala mchangani mabawa yakiwatetemeka, na fisi maji mmoja akafia kwenye matete. Yule bwana hakushtuka. Alileta matenga akaanza kuokota samaki.

"Unawapeleka wapi?" mama akamuuliza.

"Kwa wakimbizi. Mtu mwenye njaa hachagui."

Nyumbani kwetu tulimhifadhi dada mmoja wa Burundi, aliyefika na mtoto mgongoni. Kwao alilima pamba. Asubuhi hiyo alikuwa nasi mwaloni. Alilisogelea pipa, akalinusa, akaruka nyuma.

"Ni uburozi! Sumu hii. Tulinyunyizia pamba, mwaka wa pili bado imo kwenye udongo."

"Mkimbizi usitufundishe ziwa letu," bwana akafoka.

Yule dada alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa akisemeshwa. Siku hiyo hakukiinamisha. "Ziwa hili nimelinywa tangu utoto, upande ule," akasema, kisha akakaa juu ya tenga. Mama akakaa juu ya la pili. Nami nikakaa juu ya la tatu.

Bwana akaenda kumwita mgambo. Mgambo alipofika, mama akamfunulia tenga. "Shika mmoja, baba. Nikupikie sasa hivi, ule mbele yetu."

Mgambo alimtazama samaki, akatutazama, akaondoka zake. Bwana naye akamfuata akitutukana.

Tulichimba shimo mbali na maji, tukawafukia samaki na ndege. Mama akachukua shoka, akatoboa kila pipa ili asije mtu akalitia maji ya kunywa. Mlio wa shoka ulifika hadi sokoni. Watu walisema tumeharibu mali ya mtu. Tuliharibu, ndiyo.

Dada yule alipelekwa kambini na wenzake, sikumwona tena. Lakini misimu iliyofuata niliona mnandi wakiatamia mayai yenye maganda membamba yanayopasuka chini yao wenyewe. Mtaalamu mmoja aliyekuja kuchota matope ya ziwa akayapime alinieleza kwamba dawa ile haiozi upesi. Inakaa kwenye tope, inaingia kwenye mafuta ya samaki, kisha kwa ndege anayemla, na kwetu sisi.

Leo nikiyasema haya kwenye mikutano ya mtaa, watu huniambia, "Mama, hayo ni ya zamani." Huwa nasimama. Huwauliza nani amekwenda kulisafisha lile tope. Nami sikai mpaka wanijibu.